Maneno Manne Yaliyobaki

9 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kazi za maabara zinakwenda. Sisi hatujambo, ukiacha goti langu la kushoto ambalo limeamua kuzeeka kabla ya mwenyewe. Wifi yako anakusalimu. Yeye ndiye aliyesema miaka miwili ya kununiana inatosha. Mimi nakuandikia kwa sababu ya kazi.

Kazi yenyewe ni hii: nimejenga nyumba ya picha. Shule iliitupa kompyuta ya maktaba. Nikaichukua, nikaipangusa vumbi kwa brashi ya rangi, nikaiwekea diski mbili zinazoandika kitu kilekile kwa wakati mmoja, ili moja ikifa nyingine ishike. Iko sebuleni chini ya meza ya televisheni, inanguruma kama paka. Likizo nzima nimepitisha albamu za mama kwenye skana, picha moja baada ya nyingine, nikaongeza na za simu zetu. Unazitazama kwa kivinjari cha kawaida, popote ulipo. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Utauliza kwa nini nisitumie yale makampuni yanayotoa nafasi ya bure. Ninakujibu kama ninavyowajibu walimu wenzangu kila saa ya chai: mtu anayejitolea kukutunzia masanduku yako yote bila malipo, miaka nenda miaka rudi, anayapekua. Wameshaijua sura ya shangazi kuliko daktari wake anavyoijua. Wanajua nani kaachana na nani kabla ukoo haujaambiwa. Na sisi tunawapelekea wenyewe, kwa furaha, na kuwaongezea majina ya waliomo.

Wewe hili unalijua. Picha ya mama kitandani uliiweka mtandaoni mahali pa wazi ili mashangazi waione. Wiki ya pili ilikuwa kwenye tangazo la unga wa kuyeyusha uvimbe. Fundi cherehani aliyemletea mama gauni ndiye aliyemwonyesha. Mama akaniuliza, "Huyu si mimi?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sinalo.

Kwa hiyo nyumba hii ina mlango mmoja. Mingine yote nimeiziba. Njia ya kutoka kwako hadi hapa imefungwa kwa msimbo ili asichungulie mtu katikati, utaona alama ya kufuli juu ya ukurasa. Picha nimezifuta habari za mahali zilipopigwa, maana picha ya simu hubeba anwani mgongoni kama kifurushi cha posta. Hakuna kujiandikisha, anaingia niliyempa ufunguo mimi. Anayekosea nenosiri mara tatu hufungiwa nje, yeye na anwani ya mtandao anayotokea.

Jina lako la kuingilia ni "mdogo". Nenosiri lako lina maneno saba. Nimeyapata kwa kurusha dadu na kufungua kamusi kwenye ukurasa uliotoka, kwa sababu mtu akichagua maneno mwenyewe anajichongea. Matatu ya kwanza ni: sementi, kijiko, twiga. Manne yaliyobaki nitayatuma baada ya siku tatu, kwa barua nyingine, ili atakayeiba barua moja aambulie kipande. Kwa simu sitayasema. Simu nayo ni ya wenyewe.

Utaruhusiwa kutazama tu. Kupakua hapana, kuongeza hapana. Nadhani sababu unaijua.

Ni mimi,
kaka yako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Natumaini baridi ya huko imepungua. Goti liko palepale. Nilisema siku tatu, zimekuwa zaidi ya ishirini. Mitihani ya kidato cha pili ilinizika: vijana mia na arobaini, na kila mmoja ana historia yake mwenyewe isiyofanana na iliyotokea.

Lakini nina habari. Nyumba yetu ina daftari la wageni. Kila anayebisha huandikwa: alitokea wapi, saa ngapi, alijaribu jina gani. Wiki ya kwanza peke yake walibisha mara elfu nne na mia mbili. Ni mashine hizo, zinazunguka dunia nzima kutikisa vitasa. Karibu zote zinajiita "admin", kama mgeni anayeingia uani akamwita mwenye nyumba "bosi" kwa kuwa hamjui. Nazitazama zinavyofungiwa, na sikufichi, napata raha.

Juzi amekuja mwingine. Huyu hakujiita "admin". Alijiita "mdogo". Katokea mji huohuo unaoishi wewe, saa saba mchana, akakosea mara tatu, akafungiwa. Nilimwita wifi yako jikoni aje amwone mwizi. Nilicheka peke yangu. Yeye hakucheka, alirudi kwenye sufuria yake. Maana yake barua yangu ya kwanza ilifunguliwa njiani. Unaona sasa faida ya kugawa maneno? Kapata nusu, na nusu haikumfaa kitu. Jihadhari na watu wanaokuzunguka huko.

Maneno manne yaliyobaki: ndevu, kabati, Alhamisi, chura.

Kaka yako


19 Aprili

Kaka, shikamoo.

Mimi mzima. Baridi imepungua kweli, asante kwa kuuliza. Msalimie wifi na umwambie nimesikia kwamba hakucheka.

Mwizi ni mimi.

Barua yako ilisema siku tatu. Nilisubiri nikachoka. Siku ile, mapumziko ya mchana, nilikaa kwenye kompyuta ya maabara nikasema nitayapata mwenyewe hayo manne, huyu si kaka yangu? Mara ya kwanza niliweka majina ya mbwa wetu wanne, kwa mpangilio waliokufa. Mara ya pili niliweka maneno manne unayoanzia kila barua yako kwa mhariri wa gazeti: nimesoma kwa masikitiko makubwa. Mara ya tatu niliweka ya mama.

Unayakumbuka. Kila tulipotoka nyumbani, hata kwenda dukani tu, alisimama mlangoni na mkoba kwapani akihesabu kwa sauti: "Taa. Bomba. Jiko. Mlango." Na hakugeuza ufunguo mpaka tujibu pamoja: "Tayari!" Siku moja wewe ulinuna hukujibu, tukasimama pale mpaka tukachelewa harusi.

Hayo nilikuwa na uhakika nayo. Kumbe chura.

Sasa kuna jambo la pili. Hospitali yetu yote hutoka kwenye mtandao kwa anwani moja. Kwa hiyo umemfungia nje mkuu wa maabara, mganga mkuu, wafamasia, wapishi na wagonjwa mia tatu. Hawajui, na haiwaumizi, ila nimeona ujue ukubwa wa genge ulilolikamata. Nyumbani kwangu sijajaribu. Niliogopa utaita polisi.

Tafadhali nifungulie.

Mdogo wako


8 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Hapa salama.

Nimeifungua hospitali. Mashine haijui kutofautisha mwizi na dada. Huona makosa matatu tu. Hata hivyo hukupaswa kubahatisha. Ungesubiri.

Ya mama sikuyaweka kwa sababu dadu haimjui mama. Hiyo ndiyo kazi yake.

Wifi yako anasema mtu aliyealikwa akakuta mlango umefungwa ana haki ya kutikisa kitasa. Nimemwambia hajui usalama. Kasema anaijua ndoa. Sikuelewa uhusiano.

Kaka yako


14 Juni

Kaka, shikamoo.

Hali yangu nzuri. Goti lako nimeliona, lipo kwenye picha ya mwisho kabisa, ya eksirei. Nenda kwa daktari wa mifupa, usiende kwa yule mfamasia rafiki yako.

Nimeingia. Picha zinafunguka haraka, nimeshangaa. Nimezipitia zote 1,912 kwa wiki tatu. Uliyoyafanya ni makubwa, na nakusifu kwa maandishi ili usije ukasema hujawahi kusifiwa. Namba 604 sikuwahi kuiona: mama kwenye ngazi za ofisi alipokuwa mpiga chapa, mkoba kichwani, anasubiri mvua ikatike. Anamcheka aliyeshika kamera. Baba, nadhani.

Nina mambo mawili.

La kwanza. Picha za mama zinakoma mwezi aliokata nywele, alipoanza matibabu. Baada ya hapo kuna miezi minane ya utupu, halafu goti lako. Mimi peke yangu nilipiga zaidi ya mia mbili katika miezi hiyo, na siku ya mazishi nilikupa kadi ya kamera ukaitia mfukoni. Sikubakiza nakala. Ziko wapi?

La pili. Maabara yetu ina sheria. Sampuli ya mgonjwa hukatwa mbili, kila nusu huwekwa friji yake, na friji hizo mbili hazikai jengo moja. Sheria ilikuja baada ya friji kufa wakati wa likizo. Watu walirudi wakakuta sampuli elfu moja na mia moja zimekuwa supu. Wewe una diski mbili ndani ya sanduku moja, chini ya meza moja, kwenye soketi moja. Hizo si friji mbili. Hiyo ni friji moja yenye milango miwili. Nitumie nakala ikae kwangu. Nina kabati kavu, mbali na dirisha.

Mdogo wako


6 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini barua inakukuta salama. Kwa daktari wa mifupa nimekwenda. Kasema ni goti.

Nakala sitatuma. Nitakueleza bila kuzunguka. Nimetumia miezi saba kuziba kila ufa wa nyumba hii, na ufa mkubwa kuliko wote hauzibwi na programu: ni mtu mwenye nia njema. Hakuna haramia aliyeivunja familia hii. Aliyeitoa sura ya mama kwa wauza unga wa uvimbe alikuwa binti yake, kwa mapenzi, kwa kidole kimoja. Ninawapiga vita wanaojitajirisha kwa sura za watu, na vita hivyo havina maana kama ndani ya nyumba tunapeana risasi.

Picha za miezi minane ninazo. Hazimo kwa sababu hazifai kuangaliwa. Mama hakuwa mama pale. Wewe mwenyewe huziwezi. Naona unavyoifungua ile 604: mara thelathini na saba tangu Mei, karibu kila siku saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, na siku moja ulikaa nayo dakika arobaini. Kama ya kicheko inakufanya hivyo, hizo nyingine zitakufanyaje? Nafikiria faida yako.

Kaka yako


27 Julai

Kaka,

Natumaini nyote wazima.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Nimehesabu mwenyewe, nikuokolee kazi.

Makampuni unayoyatukana kila saa ya chai yanajua nafungua picha gani, saa ngapi, na nakaa nayo kwa muda gani. Wewe pia unajua. Tofauti ni moja: wao hawajawahi kuniandikia barua kunieleza ninavyomlilia mama, na kunikatalia kitu kwa ajili hiyo.

Kuhusu ile picha. Kuiacha wazi kwa dunia nzima lilikuwa kosa langu. Nimelikiri siku ileile, mbele yako na mbele ya mashangazi, na sijaomba lifutwe. Lakini kuipiga hakukuwa kosa. Mama ndiye aliyeniomba. Alichagua blauzi, akataka mto wa pili mgongoni, akasema: "Nipige, upeleke huko wanakoonana watu, wasije wakasema nimefichwa." Aliogopa kufichwa, kaka. Hukuwahi kuniuliza. Ulishapata wa kumlaumu, ukatosheka.

Na wewe sasa umemficha.

Sitaingia tena kwenye nyumba yako. Utaona kwenye daftari.

Mdogo wako


11 Desemba

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema, na natumaini utaifungua. Hapa hatujambo. Wifi yako anakusalimu. Mimi amepunguza kunisalimia.

Nilikuandikia Agosti nikachana. Septemba pia. Zote zilianza kwa masikitiko makubwa.

Oktoba fundi umeme alikuja kwa jirani kubadilisha waya unaotoka kwenye nguzo. Akaunganisha sivyo, umeme ukatuingilia kwa kishindo. Televisheni ilikufa, friji ilikufa, na chini ya meza kukatoka harufu ya plastiki. Diski moja iliungua palepale. Ya pili ilikataa kuamka. Kwa siku mbili sikujua kama nina picha yoyote ya mama ambayo haimo kwenye albamu. Zile za miezi minane hazina albamu, na kadi yako niliifuta zamani ili nitumie nafasi. Siku hizo mbili nilisahihisha madaftari. Wanafunzi wanasema nilitoa alama nyingi.

Siku ya tatu iliamka. Picha kama sitini zimeharibika nusu, zimekuwa kijivu chini. 604 ilikuwa mojawapo. Nimeipitisha tena kwenye skana. Friji yako yenye milango miwili ulinieleza mwezi Juni. Naandika hapa kwamba ulikuwa sahihi, ili nawe usije ukasema hukuwahi kuambiwa.

Daftari la wageni nimelizima kwa kila niliyempa ufunguo. Limebaki la wabishaji wasiojulikana, na hilo linajifuta kila baada ya siku saba. Sasa sijui nani anaingia wala anatazama nini. Inaudhi. Nilianza makala ya gazeti kuhusu watu kuchunguzana majumbani, nikasimama aya ya pili, maana mshtakiwa alikuwa mimi na shahidi pia mimi.

Nilikwenda kwa yule fundi cherehani. Nilimuuliza siku ile mama alisema nini alipojiona kwenye tangazo. Kasema mama alicheka kwanza. Kisha ndipo akanigeukia mimi mwanawe, akaniuliza, "Huyu si mimi?" Nilikuwepo, mdogo wangu, nimesimama hatua mbili kutoka kitandani. Swali nalikumbuka. Kicheko sikikumbuki kabisa. Nimelipigia hesabu jambo hilo kwa muda mrefu na halinipi jibu zuri.

Miezi minane nimeiweka kwenye nyumba, mahali pake, kati ya nywele na goti. Na kwenye kifurushi hiki kuna diski. Ni nakala ya kila kitu. Ni yako; ufanye nayo utakavyo, kupakua, kuongeza, sina masharti. Imefungwa kwa maneno manne tu.

Siyaandiki. Sikurusha dadu.

Kaka yako


23 Februari

Kaka, shikamoo.

Mimi mzima. Hapa baridi imerudi, lakini nimeizoea. Goti linasemaje? Mwambie wifi aanze tena kukusalimia, kwa niaba yangu.

Kifurushi kilifika mwishoni mwa Januari, kimefungwa kwa gazeti lenye barua yako kwa mhariri kuhusu vitabu vya kiada. Sijui kama ulikusudia. Nilisubiri barua ya pili yenye maneno. Nilijua tabia yako, nikasema atakuwa na mitihani. Nilisubiri wiki tatu. Diski ilikaa mezani, nikila chakula kando yake.

Leo Jumapili, baada ya chakula cha mchana, nimesoma tena barua yako mpaka mwisho, nikaona kwamba barua ya pili haiji.

Sikujaribu mbwa. Sikujaribu mhariri. Nimeandika ya mama, kwa herufi ndogo, nikabonyeza. Imefunguka mara ya kwanza.

Nimeitafuta ile picha kwanza. Ipo nzima, kama nilivyoipiga. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiiona kichwani kama walivyoikata wale wauza unga wa uvimbe: uso, mto, basi. Nilikuwa nimesahau upande wa kushoto. Upande wa kushoto kuna kiti, na wewe upo, umelala umekaa, umevaa viatu, kikombe chake mkononi mwako na hakijamwagika. Mama haangalii kamera. Anakuangalia wewe na anataka kucheka. Walikukata kwenye tangazo, kaka. Kwangu hukukatwa.

Nadhani sasa unaweza kujibu swali lake.

Diski nimeiweka kwenye kabati, mbali na dirisha. Hiyo ndiyo friji ya pili. Kwenye nyumba yako pia nimeingia. Kwa kuwa huna tena daftari la kusoma, nakwambia mwenyewe: mara moja, leo, na sikuangalia saa.

Kesho asubuhi nitapita posta kabla ya kazi. Barua hii nitaitia kwenye mkoba nikisimama mlangoni, taa imezimwa, bomba limefungwa, jiko limepoa, ufunguo mkononi.

Tayari.

Mdogo wako